Kitara cha mzee na maandishi ya mgongoni

Kililetwa kimefungwa kwa kanga, pale Mji wa Kale, Mombasa. Mzee mwenyewe alikuwa na historia yake tayari: kilishikwa na babu wa babu yake siku za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Umbo lilimuunga mkono. Chuma cha sentimita 57 kilibonyea kidogo kisha kikarudi kuelekea nchani, kama yatagani, upanga wa Kituruki, na mpini ulikuwa wa shaba ya njano yenye matuta.

"Shikamoo mzee. Na hii pete?"

Pale mpini unapokutana na chuma, kwenye kikinga mkono, palikuwa na pete yenye tundu la karibu milimita 18. Upanga wa mkononi hauna haja ya pete; hupitishiwa mtutu wa bunduki. Ubavuni mwa mpini kulikuwa na kitufe cha springi cha kukaza. Basi hiki ni singe, kisu cha kuchomekwa kwenye ncha ya bunduki, na umbo la yatagani Wafaransa waliliiga tu.

Mwanawe alitaka kuleta msasa. Tulimzuia haraka, kwa kuwa maandishi ya mgongoni, kwenye ukingo butu wa chuma, huchorwa kwa mistari myembamba kama unywele, na msasa ukipita mara mbili tatu huondoka pamoja na kutu. Tulipaka mafuta ya cherehani, tukaacha usiku kucha, asubuhi tukafuta kwa kitambaa laini cha pamba. Kisha tukalaza tochi karibu na chuma, mwanga uje kwa ubavu. Ukimulika kutoka juu huoni kitu. Ukimulika kwa ubavu kila mstari unaweka kivuli chake.

Herufi za mwandiko wa mkono zikajitokeza: *Manufre Impale de St Etienne, Mars 1868*. Kiwanda cha silaha cha Saint-Étienne, Ufaransa, Machi 1868; singe ya bunduki ya Kifaransa ya Chassepot ya 1866. Neno "Impale", kifupi cha neno la Kifaransa lenye maana ya "ya kikaizari", linalingana na mwaka: Kaizari Napoleon III wa Ufaransa aling'olewa Septemba 1870.

Mazrui waliangushwa Mombasa 1837. Chuma hiki kilifuliwa miaka 31 baadaye, Seyyid Majid akitawala Unguja.

Namba ya kwenye kikinga mkono haikufanana na ya kwenye ala, kwa hiyo ala ilitoka kwa singe nyingine. Mzee hakujibu kitu. Aliomba tochi, akainama, akalisoma mwenyewe jina la mwezi, herufi moja moja.