Nilivyoipata video ya harusi kwenye diski iliyovurugwa

Studio yetu iko Nyawera, hapa Bukavu. Diski ya kazi imepitia mikono mingi, na kila aliyepita alipanga vitu alivyojua mwenyewe: kuna dosye (folda) "mpya", kuna "mpya2", kuna "mpya ya kweli". Basi akaingia mama mmoja anataka video ya harusi ya binti yake, ya Agosti 2023, na jioni hiyo anapanda boti kwenda Goma.

Kijana mmoja anayejiita mtaalamu alishanifundisha amri hii ya kuandika kwenye terminal, ile skrini nyeusi ya amri; ls inaorodhesha faili, grep inachuja orodha:

ls -R | grep mp4

Nikaijaribu. Ikaniletea harusi.mp4, harusi.mp4, harusi.mp4, mpaka chini ya skrini. Harusi ya nani? Iko wapi? Grep inabakiza mistari yenye neno ulilotaja tu, kwa hiyo ile mistari ya ls inayotaja dosye inatupwa. Tena grep hutenganisha herufi kubwa na ndogo: faili zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera zetu huishia na .MP4, hata moja haikuonekana. Ila orodha_mp4.txt, ambayo si video, ilikuwepo! Nikampigia yule kijana. Akasema ninunue programu ya kupanga faili, dola hamsini hivi. Asante sana, kaka.

Nikaandika yangu, kwa find, amri ya kutafuta faili:

find . -type f -iname '*.mp4' -size +500M -newermt 2023-08-01 ! -newermt 2023-09-01

Hapo -iname haijali herufi kubwa wala ndogo, na +500M inabakiza faili zinazozidi megabaiti 500, inafukuza vile vipande vidogo vya WhatsApp. -newermt ya kwanza inachukua kilichobadilishwa tangu Agosti ianze; alama ya mshangao mbele ya ile ya pili inakataa kila kilichobadilishwa baada ya Septemba kuanza. Nukuu za '*.mp4' usiziache, la sivyo shell, programu inayosoma amri zako, inaweza kuifumbua nyota kabla find haijaiona. Jambo moja la kuangalia: aliyenakili kwa amri ya cp bila -p, inayotunza tarehe ya zamani, nakala yake ina tarehe mpya, utatafuta Agosti bure.

Ikatoka mistari michache, kila mmoja na njia yake nzima. Video ilikuwa ndani ya mpya2/usifute/. Mama akachungulia ile skrini nyeusi: "Mwanangu, hii mashini si imekufa?" Nikamwambia, mama, leta flashi.

Sasa diski ikijaa naingia kwenye dosye, napiga ls -lhS | head, faili kubwa za dosye hiyo zinakaa juu, najua mara moja zipi za kuhamisha. Yule mtaalamu naye kaniomba nimtumie ile amri ya find. Nimemtajia bei: dola hamsini hivi.