Mkono Ulioonekana Jichoni

Henza, kamba ya kupandishia tanga, ilikwama kwenye gofia juu ya mlingoti tukiwa tumebakisha kidogo tu kufika Lamu. Mashua ya mjomba ilikuwa imesheheni mawe ya Manda hadi maji yakawa yanalamba mbao za juu, kusi inavuma kwa nguvu zake za mwezi wa saba, na foromali, ule mti unaobeba tanga, haipandi wala haishuki. Mwaka ulikuwa 1994. Nilikuwa na miaka 19, mwepesi kama ngedere, na mjomba hakuwa na haja ya kuita jina la mtu. Aliinua kidevu tu kuelekea juu ya mlingoti, nikapanda.

Nilifika, nikaitikisa kamba, ikaachia. Kosa langu ni kwamba nilicheka. Niligeuka kuwatazama wenzangu kule chini wanione. Wimbi likapiga ubavuni, mguu ukateleza, mwili wote ukaenda zake isipokuwa mkono wa kulia, ambao ulikuwa bado umeng'ang'ania kamba. Nilining'inia kwa mkono huo mmoja, umenyooka juu ya kichwa, kwa muda usiotosha hata kumaliza bismillahi. Kisha vidole vikaachia, nikatumbukia majini.

Kuumia nilikokuzoea hakukuwa vile. Ilikuwa kama mtu amewasha kiberiti shingoni mwangu, moto ukateremka ndani ya mkono mpaka kidole kidogo. Niliogelea kwa kushoto. Baharia mmoja aliinama kunipokea, nami nikampa mkono wa kulia kama kawaida. Akaushika. Mimi sikumshika. Vidole vyangu vililala kiganjani mwake kama samaki wa jana, na nilimwona akitazama vidole vile, kisha akinitazama mimi, kisha akihamia mkono wa pili bila neno.

Mjomba hakusema kitu. Aliipeleka mashua hadi gatini, akasimamia mawe yake yakashushwa, akanisindikiza hadi nyumbani kwa bibi, Langoni, akageuka kurudi kabla ya kukaribishwa.

Fundi wa viungo alikuja usiku huohuo. Alipapasa bega, akasema halikutoka mahali pake, na kweli halikutoka. Alichua kwa mafuta ya uto siku saba. Alivuta vidole kimoja kimoja hadi vikalia, nami navitazama vikilia kama vya mtu mwingine. Bega niliweza kuliinua. Kiwiko nilikikunja. Lakini kutoka kifundo cha mkono kwenda chini hapakuwa na mwenyewe.

Siku ya tatu au ya nne bibi aliniinua kidevu mlangoni, penye mwanga. "Mbona jito hili la kulia lina usingizi?" Kope ilikuwa imeshuka kidogo, jicho limekuwa dogo kuliko mwenzake. Hapo nyumba iligawanyika. Mkono ulibaki kwa fundi wa viungo, jicho likachukuliwa na shangazi, aliyekuwa na hakika kwamba ni kijicho cha watu, kwa sababu mwezi uliotangulia nilikuwa nimeshinda mbio za kuogelea na watu walinisifu bila kusema mashallah. Nikafukizwa ubani, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya. Simdharau shangazi. Nikiwa mimi ni yeye, mtu ameanguka kutoka mlingotini akaumia mkono, halafu jicho likafunga nusu, ningewaza nini kingine?

Kilichotupeleka hospitali ni seredani. Bibi alikuwa anachoma mkate uani, mimi nimekaa kando kwenye kigoda, tunazungumza. Nilisikia harufu ya nyama. Nikamwambia, "Bibi, unaunguza." Akatazama mkate, akatazama seredani, akapiga ukelele. Ulikuwa ni mkono wangu. Upande wa kidole kidogo, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko kwa ndani, ulikuwa umeegemea ukingo wa bati lenye makaa, ngozi imekwisha kukunjamana kama karatasi. Sikusikia chochote. Na hapo hapo, usiku, mkono huohuo usiojua moto wa makaa ulikuwa ukiniamsha kwa moto wa kwake: unaungua, unasagwa, halafu shoti moja ya ghafla kama ya waya wa umeme. Dawa za maumivu za dukani hazikuugusa.

Daktari alikuwa kijana wa bara. Bibi aliufungua mkono, akaanza kueleza habari ya kidonda, lakini yule kijana alikuwa ananitazama usoni.

"Jicho hili lilianza lini?"

"Tumekuja kwa mkono, mwanangu," bibi akamwambia. Alimwita mwanangu, ila sauti yake haikuwa ya kumwita mtu mwanawe.

Daktari akafunga dirisha, chumba kikawa giza, akamulika kwa tochi pembeni. Alimwita bibi asogee aone. Mboni ya kushoto ilipanuka gizani kama ya paka. Ya kulia ilibaki ndogo, kama punje ya pilipili manga. Kisha akafungua dirisha, akapitisha kidole kwenye paji langu la uso, upande mmoja halafu wa pili. Kulikuwa na joto na sote tulikuwa tunatiririka. Kushoto kidole chake kililowa. Kulia kilitoka kikavu.

"Mama, jicho ni zima," alisema. "Jicho linausemea mkono."

Aliuliza kazi yangu, nikamwambia. Basi akaniuliza: kamba ikikatika katikati, mabaharia hufanyaje? Nikasema huungwa. Na iking'oka pamoja na pete yake ubaoni? Nikanyamaza, maana nilikwisha kuona anakokwenda.

Nimesikia maelezo mengi ya madaktari tangu siku ile, hakuna lililonikaa kama la yule kijana. Alichora nyuma ya kadi yangu. Shingo, alisema, ina pingili saba lakini jozi nane za mishipa ya fahamu. Mkono haupewi mshipa mmoja. Hupewa mizizi mitano: minne ya chini ya shingo na wa kwanza wa kifua. Mizizi hiyo hutoka kwenye uti wa mgongo, hupenya katikati ya misuli miwili ya ubavuni mwa shingo, na huko njiani husukana. Mitano huwa mashina matatu. Kila shina hugawanyika mara mbili, yakawa sita. Sita hukutana tena yakawa matatu, chini ya mtulinga, yakiuzunguka mshipa mkubwa wa damu wa kwapani. Na hapo ndipo hutoka matawi matano makubwa yanayoushika mkono mzima, kuanzia bega hadi ncha za vidole. Msuko huo madaktari huuita pleksasi ya brakia. Miguu nayo ina misuko yake, kiunoni na ndani ya nyonga, lakini ile imefichwa na mifupa. Wa mkono umeachwa pale baina ya shingo na bega, mahali panapovutika. Miaka 19 nilikuwa nimebeba kitu kile shingoni na sikuwa na habari nacho.

Mizizi ya juu huinua bega na kukunja kiwiko. Ya chini ndiyo yenye vidole. Mtu akianguka kwa bega, kichwa kikaenda upande wa pili, hukatika ya juu. Mtu akining'inia kwa mkono, kama mimi, hukatika ya chini. Na mzizi ule wa mwisho kabisa, wa kifua, karibu na uti hupitisha pia nyuzi zinazopanda kwenda usoni kuinua kope, kupanua mboni na kutoa jasho. Kwa hiyo kope ikishuka baada ya mkono kuvutwa, ni alama kwamba mzizi haukukatikia mbali. Umeng'oka penye pete.

Alipofika kwenye mizizi ya juu aliuonyesha mkono unavyokuwa: akauacha wake uning'inie, kiwiko kimenyooka, umejipinda kwa ndani, kiganja kimetazama nyuma, kama mtu anayepokea kitu kwa siri asionekane na walio mbele. Bibi akaruka kitini.

"Huo naujua. Nimewazalisha wawili wa hivyo."

Bibi alikuwa mkunga wa mtaa kwa miaka mingi. Kichwa cha mtoto kimetoka, bega limekwama, kichwa kikavutwa kwa hofu. Mtoto huzaliwa na mkono umelala hivyo hivyo. Daktari akamuuliza waliponaje, bibi akasema mmoja alianza kukunja kiwiko kabla hajaanza kukaa, na sasa ni mvuvi. Daktari akatikisa kichwa kwa furaha, akasema wengi huwa hivyo, mshipa umevutika tu, haukukatika. Kuanzia hapo wakawa wanazungumza wao wawili, mimi nimesahauliwa na mkono wangu uliofungwa bendeji. Nilipowatazama nilijua bibi amekwisha kumsamehe kwa kutazama jicho kabla ya mkono.

Habari mbaya aliisema mwisho, na hakuizungusha. Mzizi wa kifua usitegemewe. Ule wa juu yake, wa nane wa shingo, huenda umevutika bila kung'oka, na kama ni hivyo utaota upya. Lakini mshipa wa fahamu huota kama milimita moja kwa siku. Kutoka shingoni hadi misuli ya kigasha inayokunja vidole ni zaidi ya mwaka. Hadi misuli midogo ya kiganja ni miaka miwili na zaidi, na msuli uliokaa bila mshipa wake kwa mwaka na nusu hivi huwa umekwisha kugeuka, hata mshipa ukifika haumkuti mwenyeji.

Tulikwenda Mombasa, kwa basi kutoka Mokowe, na askari wenye bunduki ndani, ndivyo barabara ile ilivyokuwa wakati huo. Daktari mkubwa wa huko alinichoma kwa pini kila mahali, akasema maneno yaleyale kwa sauti nzito zaidi. Nikapewa gango la kulala nalo ili vidole visikakamae, na mazoezi. Bibi alinikunja na kunikunjua vidole asubuhi na jioni, akihesabu kwa tasbihi.

Siku hizi nasoma mambo haya kwenye simu. Nilikuta kwamba aliyeiunganisha kope na mkono kwa maandishi, mwaka 1885, ni Augusta Klumpke, mzaliwa wa San Francisco, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Paris. Ugonjwa umepewa jina lake. Nilipenda kujua kwamba ni mwanafunzi.

Jambo ambalo halikuwa kwenye kadi ya daktari ni sinia. Mkono wa kulia ndio wa kulia. Nyumbani bibi alinipa kijiko, nikala kwa kushoto mlango umefungwa. Lakini Lamu hakuna mwaka usio na harusi, na karamu nilizikimbia zote. Nilisingizia tumbo, nikasingizia safari. Mjomba naye alikuwa amenikimbia mimi. Alileta samaki kila wiki, akawaachia mlangoni.

Maulidi ya mwaka uliofuata sikuweza kukwepa. Langoni nzima ilikuwa nje, wageni wamejaa kutoka kila pembe ya pwani, na baada ya kisomo watu wakakalishwa wanne wanne. Nilisukumwa hadi kwenye sinia lililobakiwa na nafasi moja, na aliyekaa kuliani mwangu alikuwa mjomba. Pilau likashushwa. Nikaficha mkono ndani ya mkono wa kanzu.

Mwezi ule vidole vilikuwa vimeanza kukunjika, viwili vitatu, polepole, kwa kujipinda kama kulabu. Nyama ya kiganja ilikuwa imeisha, baina ya mifupa pamebaki mifereji. Kushika havikuweza. Mjomba alinawa, akasema bismillahi, akafinyanga tonge. Hakulitia mdomoni mwake. Aliuvuta mkono wangu nje ya kanzu, mbele za watu, akauweka kiganja juu, akalipachika tonge ndani ya kulabu ile na kulikandamiza kwa dole gumba lake mpaka likashika.

"Bega si zima?" aliniuliza.

"Zima, mjomba."

"Na kiwiko?"

Nikainua. Punje nyingi zilimwagika kifuani, na wale wawili wa upande wa pili walikuwa wameinamia sinia wakitafuta nyama kwa bidii isiyo ya kawaida. Tonge likafika. Mjomba alikuwa amekwisha kufinyanga la pili.