Foleni ya Mzani

Juzi sisi wauguzi tulikuwa na mafunzo ya siku moja hapa kituoni kuhusu huduma yenye staha. Ilipofika mada ya mila na lugha za wagonjwa, mwezeshaji aliipita haraka. Alisema hayo ni mambo ya nchi za nje, ambako muuguzi anahudumia wahamiaji wa kila taifa. Sisi Tanzania tuna Kiswahili, tunaelewana. Wengi waliitikia, tukahamia kwenye usafi wa mikono. Leo imekuwa siku ya kliniki ya watoto, nimerudi nyumbani miguu inaniuma, na kauli ile bado ninayo. Siikubali, na nataka niandike sababu zangu usiku huuhuu.

Mimi ni mtu wa Njombe, nyumbani tunaongea Kibena. Nilipopangiwa kazi huku Rufiji, ndugu na marafiki walinipongeza: pwani hutahangaika na lugha, Kiswahili ndiko kwao. Na kweli, bibi wa Ikwiriri akikaa kusimulia jambo, Kiswahili changu kinaona haya. Lakini kuelewana huko kwa maneno hakukunieleza kwa nini mama mwenye mtoto dhaifu anakuja kliniki mara moja, mtoto anapimwa, halafu haonekani tena.

Nilikuja kujua baadaye kwamba nyuma yake mara nyingi kuna kubemenda. Msomaji wa pwani au wa Morogoro hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: huaminika kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika ikiwa wazazi wake wamekutana kimwili kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, au mama ameshika mimba nyingine mtoto akiwa bado ziwani. Mtoto anakonda, miguu inalegea, anachelewa kusimama. Watu wakimwona wanasema amebemendwa, na hapo wanaosemwa ni baba na mama, mara nyingi zaidi mama, kwamba walishindwa kujizuia.

Sasa ichukue imani hiyo uilete kwenye baraza la kliniki. Mzani wetu unaning'inia kwenye boriti ya baraza, mbele ya mabenchi ya akina mama. Mtoto anavalishwa kile kisuruali cha kupimia, ananing'inizwa huku analia, na muuguzi anasoma kwa sauti ili mwenzake aandike kwenye kadi: "Kilo 6.5!" Halafu, kwa sauti ileile: "Mama, huyu ana miezi mingapi?" "Kumi na mmoja." Benchi zima linanyamaza. Mmoja anamtazama mwenzake, mwingine anajifanya anamfunga mwanawe khanga. Muuguzi anaongeza, "Kwani unamlisha nini mtoto huyu?" akidhani ameuliza habari za chakula. Mama amesikia hukumu ikisomwa mbele ya majirani, mawifi na pengine mke mwenzake. Mwezi unaofuata haji. Kwenye rejesta anaandikwa mtoro.

Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba neno lile la kwenye rejesta linaniuma. Mama yule aliondoka mahali alipoaibishwa, akaenda kwa mganga wa kienyeji ambaye humpokea ndani, mlango umefungwa, humwita mwanangu, na huongea naye kwa mafumbo bila kumtaja mtu. Mganga hana utepe wa kupimia mkono wala maziwa ya tiba, lakini staha anayo. Mtoto anaporudi kwetu miguu imevimba na nywele zimebadilika rangi. Hapo tunampa rufaa ya kwenda kulazwa, aanzishiwe maziwa ya tiba yaitwayo F-75 kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, huku tukilalamika kwamba mama kachelewa.

Leo alikuja mama mmoja na mkwe wake (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike). Walisubiri mpaka foleni ilipoisha. Mtoto alikuwa mgongoni, khanga imemfunika hadi utosini, na joto lote lile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Za kazi?"

"Njema bibi. Karibuni ndani. Mjukuu wetu hajambo?"

"Hajambo kidogo. Ila kusimama hataki. Na baba yake naye, ujana tu, hasikii la mtu."

Kwenye ile "hasikii la mtu" kulikuwa na kesi nzima. Mama alitazama sakafu. Sikuuliza baba hasikii nini. Niliomba nimpakate mtoto, nikampa muda anizoee, kisha nikazungusha utepe kwenye mkono wa kushoto: sentimita 12, rangi ya njano. Chini ya 11.5 ingekuwa nyekundu, kuanzia 12.5 ni kijani. Nikabonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, kila mmoja sekunde 3, hapakubaki shimo, maana yake hajavimba. Nikamwonyesha bibi ile rangi, maana bibi ndiye mwenye kauli nyumbani, na mama naye akachungulia. Utepe haujui nani alilala na nani. Unapima mkono.

Kisha nikauliza kwa kufuata siku ilivyokwenda: jana alipoamka alikula nini, jua lilipopanda, mchana, jioni. Uji wa muhogo asubuhi, wali na mchuzi kidogo mchana akipenda, jioni uji tena. Na ziwa? Wakanyamaza wote wawili, halafu bibi akasema, "Tumemwachisha." Mama ana mimba ya miezi mitatu, na maziwa ya mwenye mimba wanayahesabu kuwa mabaya kwa mtoto. Basi ziwa lilikatwa ghafla, na kilichoingia mahali pake ni uji wa muhogo mtupu. Hilo peke yake linatosha kumkondesha mtoto yeyote.

Nilichomwambia bibi nilikiamini neno kwa neno. Nilimwambia wazee walikuwa na akili kuachanisha watoto miaka miwili, mitatu. Hata sisi tunashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo ashike mimba nyingine, na uzazi wa mpango upo kwa ajili hiyohiyo. Bibi akanyanyua uso. Nikaendelea: sasa mimba imeshaingia, na mtoto huyu anahitaji chakula chenye nguvu. Ziwa la mama yake halina ubaya, mimba inaendelea salama, anaweza kumrudishia mradi na yeye mwenyewe ale vizuri. Uji utiwe karanga za kusaga au dagaa waliotwangwa, na kijiko cha mafuta. Samaki wa mtoni wanapata. Mayai wanayo, ila wanayauza yote. Nikaomba lile moja la mtoto lisiende sokoni.

Kiunoni mtoto alikuwa na kamba nyeusi iliyofungwa dawa. Bibi akaishika, akaniuliza taratibu kama aikate. "Ibaki bibi, haimdhuru." Ila kulikuwa na mizizi waliyokuwa wanamchemshia anywe, kutwa mara kadhaa. Hiyo nikaomba waisimamishe, kwa sababu sijui ndani yake mna nini na yale maji yanamjaza tumbo, chakula kinakosa nafasi. Akafikiri kidogo, akakubali. Watarudi baada ya wiki mbili pamoja na baba. Nimesisitiza baba aambiwe kabisa kwamba anaitwa kwa habari ya uji na samaki, maana akiitwa hivihivi atajua anakwenda kusomewa mashtaka.

Chuoni tulilipita juujuu jina la Madeleine Leininger, muuguzi Mmarekani aliyesomea pia anthropolojia, elimu ya watu na mila zao, na miaka ya 1960 akaenda kuishi na Wagadsup wa nyanda za juu za Papua New Guinea kujifunza namna wanavyotunzana. Nilimkariri kwa ajili ya mtihani. Huku Rufiji ndiko nilikomwelewa. Alifundisha kwamba muuguzi anapokutana na desturi ana njia tatu: iliyo njema aihifadhi, inayoweza kwenda pamoja na tiba aipatanishe nayo, na inayodhuru amsaidie mgonjwa kuibadili. Kuachanisha watoto, kamba ya kiunoni, mizizi ya kunywa: zote tatu zilikuwa chumba kimoja leo mchana. Lakini kwanza lazima desturi yenyewe uijue, na hakuna atakayekueleza ikiwa swali lako limeulizwa mbele ya benchi zima.

Mwenzangu mmoja, muuguzi hodari ninayemheshimu sana, huniambia nalea ushirikina. Kwa maoni yake ningemwambia bibi waziwazi kwamba kubemenda hakuna. Nimelitafakari sana hilo. Sijawahi kumwambia mzazi kwamba kupo, na sitamwambia. Ila nikianza kwa kubishana na bibi, mazungumzo yatahusu nani mjuzi kati yake na mimi, na mtoto atarudi nyumbani kwenye uji uleule. Mtoto akiongezeka uzito, bibi mwenyewe ataamua aamini nini. Isitoshe, kwetu Njombe tunalima mahindi na viazi vya kulisha mikoa mingine, na bado utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wenye udumavu, yaani wafupi kuliko umri wao, kwetu walikuwa kama nusu ya walio chini ya miaka 5, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Sina mahali pa kusimama nikamcheka mtu wa Rufiji.

Halafu wapo ambao hata hicho Kiswahili tunachojivunia hakiwafikii. Wafugaji walipoondolewa mabonde ya Usangu na Ihefu, huko Mbeya, mwaka 2006 na 2007, familia nyingi za Wasukuma na Wabarabaig zilikuja na mifugo yao upande huu, Rufiji hadi Kilwa. Wanaume wanajua Kiswahili cha mnadani. Wanawake wengi, hasa wa makamo, wanajua kidogo sana. Anakuja mjamzito na mume wake; namuuliza mama kama alitokwa damu nyingi uzazi uliopita, wanaongea wao kwa wao muda mrefu, mama anaeleza kwa mikono, sauti inapanda, inashuka, kisha mume ananigeukia: "Hapana." Yale mengine yote yamekwenda wapi? Au analetwa binti wa darasa la nne ndiye awe mkalimani. Mtoto wa darasa la nne hawezi kumuuliza mama yake habari za uchafu ukeni, na hata akiweza hapaswi kubebeshwa.

Marekani, mwaka 2000 walitoa viwango vya kitaifa vilivyotaka mgonjwa asiyejua Kiingereza apatiwe mkalimani bila malipo, na vilivyotolewa upya mwaka 2013 vilisema wazi kwamba kutumia watoto kama wakalimani kuepukwe. Mwezeshaji wetu alisema hilo ni tatizo lao. Wao walikubali kwamba wanalo, wakaliandikia utaratibu. Sisi tunamwita binti aliyekuja na mama yake.

Hapa kwetu nimempata mama wa Kisukuma anayeuza maziwa karibu na kituo. Ana utulivu na hana maneno mengi mtaani, sifa ninayoithamini kuliko ufasaha. Akija, namkalisha pembeni kidogo, nami namtazama mgonjwa usoni, naongea na mgonjwa. Sentensi fupi, moja moja. Mwisho namwomba mgonjwa anirudishie mwenyewe: vidonge hivi utakunywaje, dalili gani itakurudisha hapa usiku. Hapo ndipo mapengo yote huonekana, na huonekana hata kwa Waswahili watupu, kwa sababu tumefundishwa kwa Kiingereza, tunaandika mafaili kwa Kiingereza, na maelezo tunayompa mama ni tafsiri tunayoifanya kichwani palepale tukiwa na haraka. Salamu za Kisukuma nimejifunza. Nikisema "Mwangaluka, mayu" asubuhi, mabega ya mtu yanashuka kabisa. Kwa Wabarabaig bado natafuta mtu.

Huyu mama wa maziwa hatumlipi chochote. Anaacha biashara yake jua kali, anakaa nasi hadi saa nane, kisha anarudi na maziwa yaliyoanza kuganda. Sioni haki hapo, na sioni kama litadumu.

Nimeongea na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, jioni hii kabla ya kutoka. Chumba tunachohifadhia vyandarua kitahamishwa vitu, mzani uingie ndani, mama aingie mmoja mmoja, na uzito uandikwe bila kutangazwa. Hilo amekubali, tunaanza kliniki ijayo. Posho ya mkalimani amesema haina kifungu kwenye bajeti ya kituo, nilete maombi kwa maandishi yajadiliwe kwenye kikao cha Ijumaa. Nimeshaanza kuyaandika. Nimeweka humo akina mama watatu wa rejesta ya watoro, bila majina, na kila mmoja nimeandika alichoulizwa siku ya mwisho aliyokuja, mbele ya nani.