Mumiani Hana Mahaba

Juni 2009 nilirudi Tanga likizo na nakala iliyochanika jalada ya Twilight, riwaya ya Kiingereza ya msichana anayempenda vampaya, yaani mnyonya damu. Ile mikono miwili iliyoshika tufaha ilikuwa imebaki mkono mmoja, maana kitabu kilishazunguka bweni zima. Kila msichana alipewa siku mbili. Ukichelewesha, unarukwa kitabu kijacho. Zamu yangu iliangukia siku ya kufunga shule, nikaondoka nacho. Basi lilipofika Segera nilikuwa nimebakiza kurasa kumi, na hamu ya kumsimulia mtu ilikuwa inaniwasha.

Wa kumsimulia alikuwa shangazi, na shangazi hakujua Kiingereza. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi, jioni anachambua mchele wa kuloweka. Nikakaa naye mkekani, nikaanza kumsifia kitabu, nikaanza vibaya. Kiswahili cha vampaya sikuwa nacho. Nikasema mumiani.

Akaweka ungo chini.

Kwa watu wa rika lake mumiani hakuwa mtu wa vitabuni. Tangu enzi za mkoloni ilisemwa kwamba wapo wanaokamata watu usiku, wakawatoa damu ya kufanyia dawa. Kuna miji ambako hata wazimamoto walishukiwa, gari lao likionekana watu wanajifungia ndani. Shangazi alilelewa kwa hofu hiyo.

"Sasa msichana gani mwenye akili zake ampende mumiani? Mumiani hana mahaba, mwanangu. Ana biashara." Akarudi kwenye mchele wake.

Usiku ule nililala nimenuna. Jioni ya pili nikaja na neno jingine: jini.

"Jini gani? Mahaba?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ananukia?"

Nikakumbuka kwamba kweli, Bella, yule msichana wa kitabuni, kila akimkaribia Edward, vampaya wake, analewa harufu yake. Nikasema ananukia sana.

"Si unaona! Haya, lete."

Basi nikawa nafungua ukurasa, natafsiri papo hapo kwa mwanga wa koroboi umeme ukikatika, na yeye anaingilia kila baada ya sentensi mbili. Nilipomweleza kwamba Forks, mji wa kina Bella, mvua hainyeshi ikaisha, na ndiyo maana Edward na jamaa zake wamehamia huko, kwa sababu wakipigwa na jua ngozi zinametameta, aliona ni jambo la maana kabisa. "Kama Amani kule juu milimani. Wamechagua vizuri." Nilipofika kwenye umri, kwamba Edward alizaliwa 1901, akageuzwa Chicago mwaka 1918 akiwa anakufa kwa homa, na tangu hapo ana miaka 17 tu, alihesabu kwa vidole kisha akaviacha. "Huyo kamzidi babu yako. Na bado anakwenda shule?"

Lakini pale Edward anapokiri kwamba usiku huingia chumbani kumtazama Bella akiwa amelala, ndipo alipokasirika hasa. Mimi ukurasa ule nilikuwa nimeukunja pembe ili niurudie. Nilidhani mapenzi hayana kilele zaidi ya hapo.

"Anaingia kwa watu bila hodi? Na baba wa mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Ni mkuu wa polisi."

Alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Polisi! Mwanamume anaingia nyumbani kwake kila usiku, yeye anakoroma!"

Tulikimaliza kwa siku tisa. Hakuniambia kama amekipenda, nami sikuuliza.

Siku mbili kabla ya kurudi shule nilikuwa nampepelea moto pale barazani, akaja jirani wa nyumba ya tatu kununua vitumbua. Nikamwamkia. Akaitikia, akachukua vitumbua vyake sita, halafu hakuondoka.

"Eti, lile jini lenu limeshaposa?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama kikaango.

"Maana," jirani akaendelea, "tangu yule baba polisi alipofukiza ubani dirishani sijasikia tena."

Alipoondoka nikasema, "Shangazi, kitabuni hamna ubani."

"Najua hamna," akasema, akigeuza vitumbua kimoja kimoja. "Walisahau kuandika."