Namba ambayo Fermat aliidhania kuwa tasa

Wanafunzi wangu hapa Tabora wanapouliza namba kubwa huchunguzwaje, huwaandikia ubaoni 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, kisha ukaongeza 1. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba ni namba tasa, kama zilivyo 3, 5, 17, 257 na 65,537 zinazoitangulia katika mfuatano wake, ambamo 2 hupewa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha huongezwa 1. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417.

Euler pia alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii kikigawanywa kwa 64 hubakiza 1, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na mamia ya namba: unajaribu 193, 257, 449 na 577, na ya tano ni 641 yenyewe.

Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni uthibitisho usiohitaji kugawanya kabisa. Namba 641 ni 640 + 1, na pia ni 625 + 16, ambapo 625 ni 5 kwa kipeo cha nne na 16 ni 2 kwa kipeo cha nne. Sasa, 2 kwa kipeo cha 32 ni 16 mara 2 kwa kipeo cha 28. Ukiweka 641 − 625 mahali pa hiyo 16, na ukikumbuka kwamba 640 ni 5 mara 2 kwa kipeo cha 7, hivyo 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 ni 640 kwa kipeo cha nne, namba yetu inakuwa kigawe cha 641, ukitoa 640 kwa kipeo cha nne, ukiongeza 1. Na 640 kwa kipeo cha nne ikipunguzwa 1 inagawanyika kwa 640 + 1, kwa hiyo namba yetu nayo inagawanyika kwa 641.