Paka wa Ghalani na Makinda ya Chozi

Katika nyumba yetu ya Wete, kisiwani Pemba, paka hakufugwa kwa ajili ya kubembelezwa. Upande wa uani babu alikuwa na chumba alichokiita ghala, ambamo magunia ya karafuu kavu yalirundikwa wakati wa msimu na ya mpunga baada ya mavuno, na kwa kuwa panya akiingia kwenye mpunga huharibu zaidi ya anachokula, paka alihesabiwa miongoni mwa wenye kazi maalumu nyumbani. Wa wakati huo alikuwa jike wa rangi ya majivu, mwenye baka jeupe kifuani, tuliyempa jina la Bibie kutokana na namna alivyokuwa akipita ukumbini mbele ya wageni bila kumtazama yeyote.

Mwaka 1994, nikiwa darasa la 5, msimu wa karafuu ukiwa unaelekea ukingoni na majamvi bado yametandikwa uani kila kulipokucha, chozi jike alijenga kiota kwenye tawi la mlimau lililoinamia paa la makuti la jiko letu. Aliyewahi kukiona kiota cha chozi anajua kwamba hakikai juu ya tawi. Huning'inia chini yake, kifuko cha nyasi na majani makavu kilichoshikizwa kwa utando wa buibui, chenye mlango ubavuni na kijipaa kidogo juu ya mlango huo. Jike alijenga peke yake na akalalia peke yake, akiwa na rangi ya kijivujivu isiyovuta jicho la mtu. Dume, mwenye mgongo wa kijani cha kung'aa na mshipi wa zambarau kifuani, kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza machozi wengine waliosogelea maua ya migomba. Chozi huyu wa Pemba haishi mahali pengine popote duniani ila kisiwani kwetu. Sisi watoto hatukulijua hilo. Tulimwona kuwa ndege wa kawaida, kwani alikuwa kila kiunga.

Makinda yalipoanguliwa na kuanza kulia, ndipo shangazi alipotangaza siasa yake. Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa akishika jiko, aliamini kwa dhati kwamba paka huwinda kwa sababu ya njaa, na kwamba anayemshibisha paka amewalinda ndege. Basi Bibie akaanza kupewa vichwa vya vibua asubuhi na jioni kwenye kifuu cha nazi, tena pamoja na mchuzi, jambo ambalo lilimfanya babu aulize kwa upole kama na yeye angeweza kupata sehemu ya paka siku hiyo.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, nikikuna nazi, siku nilipoiona siasa ya shangazi ikianguka. Bibie alikuwa amekiinamia kifuu chake, amekishika kichwa cha kibua kwa upande mmoja wa meno na anakitafuna kwa jicho nusu wazi. Chozi jike akaja na mdudu mdomoni, makinda yakalia. Sikio moja la Bibie likageuka kabla ya kichwa. Kisha kichwa cha kibua kikadondoka, nusu kimetafunwa, na yeye akashuka mpaka tumbo likagusa sakafu, mabega yakapanda juu ya mgongo, ncha ya mkia ikawa inatikisika peke yake. Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa taya lake: lilitetemeka kwa kasi, meno yakigongana kwa sauti ndogo kavu, huku macho hayapepesi. Chozi alipoondoka, Bibie alikaa vile vile kwa muda, kisha akarudi kifuuni akaendelea na kibua chake pale pale alipokiacha.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari ya jaribio lililochapishwa mwaka 1976, ambamo paka waliokuwa wanakula chakula wanachokipenda walioneshwa panya. Wakaacha chakula, wakamuua panya, wakamleta mpaka kwenye bakuli, kisha wakaendelea kula kile chakula cha mwanzo. Sikuhitaji kushawishiwa. Kwa mnyama ambaye mawindo yake mengi humponyoka, kungoja njaa ndipo aanze kuwinda kungekuwa ni kuchelewa, na kwa hiyo shauku ya kuvizia imewekwa mbali na tumbo. Shibe inaweza kumfanya asile alichokiua, lakini haimzuii kuua.

Mjomba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuja na kipande cha bati akakizungusha kwenye shina la mlimau, kama wafanyavyo watu kuwazuia panya wasipande minazi. Kilikuwa kizuizi kizuri kabisa kwa mnyama anayepanda kwa kutumia shina. Bibie hakuligusa shina hata mara moja. Alipanda juu ya pipa la maji, kutoka kwenye pipa akaruka hadi kwenye paa la jiko, na kutoka hapo alikuwa na tawi lile karibu usawa wa macho yake. Kiota chenyewe hakuweza kukifikia, kwa sababu kijitawi kilichokibeba kilikuwa chembamba mno kwa uzito wake, na naamini hiyo ndiyo hekima ya chozi kukining'iniza pale.

Hatari ilikuja siku makinda yalipotoka. Kinda la ndege siku ya kwanza nje ya kiota lina mbawa lakini halina ustadi wa kuzitumia. Huruka upande, hutua chini, kisha hukaa hapo hapo likimwita mama yake kwa sauti ileile inayomwita na paka. Alfajiri ile, watu wazima wakiwa ndiyo kwanza wametoka kuswali, kinda la kwanza lilitua kwenye makuti, likateleza mpaka ukingoni mwa jamvi la karafuu. Sikuuona mruko. Niliona karafuu zikitawanyika, kisha nikamwona Bibie akiingia ukumbini akiwa ameinua kichwa juu, akalitua lile kinda, zima na lenye uhai, mbele ya mswala wa babu.

Babu alilichukua mikononi. Hakukuwa na damu, wala bawa lililovunjika. Tulilitia ndani ya pakacha dogo lililotandikwa pamba, tukalifunika, na mdogo wangu akakaa kando yake akikataa chai. Lilikufa kabla ya magharibi. Wakati ule tulisema limekufa kwa hofu, na huenda hofu ilikuwa na sehemu yake, lakini leo najua kwamba jino la paka ni jembamba kiasi cha kuacha tundu lisiloonekana chini ya manyoya, na kwamba mdomoni mwake mna bakteria wanaoweza kumuua ndege mdogo aliyeponea makucha.

Shangazi hakungoja magharibi. "Baba, huyu tumtie guniani apelekwe soko la samaki. Huko atashiba mpaka achoke."

"Paka wa nyumba haingwa," babu akajibu. "Na wewe mwenyewe wamlisha asubuhi na jioni. Njaa ipi hiyo?"

"Basi ni tamaa."

"Si tamaa, mwanangu. Ndiyo kazi yake, na sisi ndio tuliomweka kazini."

Kisha akamgeukia mdogo wangu, aliyekuwa bado analia, akamsimulia habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake kikafa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza kwa kumliwaza kindege kimefanya nini. Mdogo wangu akataka kujua kama kile nacho kililiwa na paka. Babu alisema hakuambiwa.

Jioni ile ile Bibie alifungiwa ghalani, pamoja na maji na mchanga kwenye karai, na mlango ukatiwa komeo. Babu hakutaka mjadala zaidi: kinda la pili lilikuwa bado kiotani, na hoja yake ilikuwa kwamba hauwezi kumfundisha paka kubagua panya na chozi, lakini unaweza kuamua ni mlango gani uwe wazi na saa ngapi. Bibie alilia usiku wa kwanza kwa sauti ya kutia aibu mbele ya majirani. Baada ya hapo alinyamaza, na kila mlango ulipofunguliwa kumpa chakula tulikuta panya wamepangwa kizingitini. Kinda la pili lilitoka, likahangaika kwenye majani ya chini ya mlimau kutwa nzima, na kesho yake tukaliona juu ya mgomba wa jirani likilishwa na mama yake. Bibie aliachiwa pale tu lilipokuwa likiruka bila kuyumba, na kuanzia hapo ikawa desturi ya nyumba kumfungia kila machozi walipojenga.

Mimi siku hizi nakaa Unguja mjini, ambako makinda huliwa zaidi na kunguru, wale walioletwa mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka, kuliko na paka. Na nimeona watu wakiwavisha paka wao kengele shingoni, njia inayosaidia kiasi kwa ndege anayeweza kuruka, ila kwa kinda lisilojua kuruka kengele haina maana yoyote. Nilimweleza shangazi yote haya nilipokwenda kumwamkia Iddi iliyopita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema kwamba yule paka alikuwa na njaa, na kama nabisha nimjibu: aliyekuwa akimpa chakula ni nani, mimi au yeye?