Kitanda Changu cha Maweni

Mpaka Novemba 2016, muhula wangu wa kwanza Chuo Kikuu cha Pwani, nilikuwa sijalala hosteli wikendi hata moja. Kutoka Kilifi, kiliko chuo, hadi kwetu Malindi ni kilomita kama 60 tu, na ukaribu huo ndio ulionichelewesha kuzoea. Wenzangu waliotoka Kitui na Vihiga walilia wiki mbili za mwanzo, kisha wakanyamaza, wakanunua sufuria na mabeseni, wakaanza kuitana kwa majina ya utani. Mimi kila Ijumaa alasiri nilikuwa stejini na begi la nguo chafu. Hata mto wangu sikuupeleka chuoni. Hosteli nililalia leso iliyokunjwa mara nne, kwa sababu kuubeba mto niliona ni sawa na kuhama.

Ijumaa moja ya Novemba hiyo kundi letu la Historia lilikuwa na kikao saa kumi. Swali tulilopewa lilikuwa hili: kwa nini mtawala wa Malindi alimkaribisha Vasco da Gama mwaka 1498, hali huko Mombasa baharia huyo Mreno alikuwa ameponea chupuchupu? Wenzangu wote walinigeukia. "Wewe ndiye mwenyeji, utatuambia." Nikaitikia. Saa tisa unusu nikapanda matatu bila kumuaga mtu, na tulipofika Matsangoni nikazima simu. Nilijua ninawakosea. Nilichokitaka ni kitanda changu tu.

Kwetu ni mtaa wa Maweni. Niliingia huku nikipiga hodi, nikavua viatu, nikaenda moja kwa moja chumbani. Pazia halikuwa letu. Mlangoni palikuwa na jozi ya ndara za kike nisizozijua.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo hukupiga simu kabla ya kuja?"

Miezi yote hiyo hakuwahi kuniuliza hivyo. Akanishika mkono, akaniketisha kwenye kibao cha mbuzi kana kwamba ndiye anayenipokea kutoka safari ya mbali. "Chumba nimekipangisha tangu Jumatatu. Ni mwalimu wa chekechea, mtu mtaratibu. Pesa yako ya hosteli ya Januari itatoka hapo. Mahamri peke yake hayafiki, mwanangu."

Sikuweza kujibu. Kumkasirikia sikuweza, na kufurahi sikuweza.

Usiku nililala mkekani chumbani kwa mama. Ukuta wa nyumba yetu ni mwembamba. Kitanda changu nakijua: ukigeukia upande wa ukutani, chaga ya tatu inalia. Nikaisikia inalia. Baada ya muda ikalia tena. Nilikuwa nasikiliza mtu mwingine akijigeuza mahali ambapo mwili wangu ulikuwa umeacha bonde kwenye godoro, na machozi yakanitoka bila sauti. Kwa mara ya kwanza nilifahamu kwamba sina pa kurudi kama nilivyokuwa narudi. Mama naye hakuwa amelala. Alinyoosha mkono gizani, akanigusa kisogo, akauacha hapo.

Saa tisa aliamka kukata mahamri. Wikendi zote nilizokuja nilikuwa nalala hadi jua linapanda, na yeye hakuniamsha. Usiku ule niliamka naye. Unga ulikuwa umeshaumuka, unanukia iliki na tui. Yeye akisukuma duara, mimi nikikata pembe nne, moja moja nikizipanga kwenye sinia lililonyunyizwa unga ili zisigandane. Mafuta yakapata moto. Hamri likizama huonekana limekufa, halafu linaibuka limejaa hewa, na mama analimwagia mafuta kwa upawa mpaka mgongo unaiva.

"Wiki hii mnasoma nini?" akaniuliza.

Nilishtuka. Kila wiki nilikuwa nakuja na nguo za kufua, habari za masomo sikuwa nazileta. Nikamweleza juu ya Vasco da Gama, mapokezi aliyoyapata hapa, na rubani aliyepewa wa kumvusha hadi Calicut, India.

Mama akageuza hamri. "Si Malindi walikuwa hawaelewani na Mombasa? Basi. Mtu aliyegombana na adui yako akikupigia hodi, humpi kiti?"

Hata leo sijasikia jibu la swali lile lililonikaa zaidi ya hilo.

Asubuhi nilichukua daftari nikaenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Nimezaliwa Malindi, na nguzo ile nilizoea kuiona kwa mbali tu, kama kitu cha wageni. Inasimama kwenye ncha ya mwamba, imepakwa chokaa, na juu yake upo msalaba wa jiwe lililotoka Ureno. Bahari ilikuwa nyekundunyekundu kwa tope la mto Sabaki. Nikaichora nguzo vibaya, nikaandika maneno ya mama chini yake, kisha nikawasha simu. Ujumbe wa mwisho wa kundi ulisema: "Sehemu yako tumeiacha wazi. Ukipata nafasi tuambie."

Niliporudi nyumbani nikamwambia mama ninaondoka leo, singoji Jumapili. Hakunizuia. Alinifungia mahamri kumi ya wenzangu. Nikiwa mlangoni, yule mwalimu akatoka chumbani akiwa amekumbatia mto wangu.

"Huu mama yako kaniambia ni wako. Foronya nimeifua asubuhi, ila haijakauka vizuri."

Nikampa ahsante. Ndiyo mara ya kwanza nilipomtazama usoni. Hakunizidi miaka mingi.

Hosteli nilifika baada ya adhuhuri. Leso iliyokunjwa niliitandua, nikauweka mto mahali pake. Pembe moja ilikuwa bado mbichi. Nikaigeuzia dirishani ipate upepo, nikabeba daftari na mahamri, nikashuka kuwatafuta wenzangu.